Damu Kwenye Mswaki: Mate, Mienendo ya Maisha na Ugonjwa wa Fizi

Mazungumzo ya afya kwa madereva wa masafa marefu, wafanyabiashara wa mpakani, wanabodaboda na familia za Kocholia, Malaba na Busia



Alfajiri pale Malaba, kabla injini hazijawashwa, madereva hushuka kutoka kwenye malori wakiwa na kikombe cha maji na mswaki. Mmoja husimama kando ya gurudumu, akapiga mswaki, akatema povu chini. Povu lina wekundu. Hulitazama mara moja, akalimwagia maji, akapanda garini. Siku ya pili hupitisha mswaki polepole pale palipotoa damu. Siku ya tatu hupaacha kabisa. Haumwi, anakula vizuri, na meno yake hayana tundu hata moja. Basi kwa nini ahangaike?

Dereva huyo ana wenzake wengi. Yumo mama anayevuka mpaka na mitumba, yumo kijana wa bodaboda, yumo mwalimu wa shule ya msingi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 waliochunguzwa nchini Kenya, takriban 98 walikuwa na fizi zinazotoa damu. Jambo linalompata karibu kila mtu huishia kuonekana la kawaida. Mkono ukitoa damu kila asubuhi wakati wa kunawa, mtu atakimbia hospitalini siku hiyo hiyo. Fizi zikitoa damu, anabadilisha dawa ya meno.

Mazungumzo haya yanahusu damu hiyo: inatoka wapi, mate yana kazi gani katika jambo hili, na kwa nini mtu mmoja hupoteza meno akiwa na miaka 45 ilhali jirani yake mwenye mswaki wa aina ile ile anazeeka na meno yake yote.

Tuanze na mate, kwa sababu watu wengi huyafikiria tu wakati wa kuyatema. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Yanatoka katika jozi tatu za tezi kubwa: moja mbele ya masikio, moja chini ya taya na moja chini ya ulimi. Kuna pia mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa ndani ya midomo na mashavu. Asilimia 99 ya mate ni maji. Ile asilimia moja iliyobaki ndiyo inayofanya kazi nzito. Ina kalisiamu na fosfati, madini yale yale yanayojenga jino. Ina bikabonati, inayopunguza makali ya asidi baada ya kula. Ina ute unaolainisha chakula na kufunika ngozi ya kinywa isichubuke. Na ina askari: kingamwili, pamoja na protini zinazopasua au kuwanyima chakula bakteria. Mojawapo ya protini hizo, lisozimu, ilitangazwa mwaka 1922 na Alexander Fleming, miaka sita kabla hajaigundua penisilini. Kwa hiyo kila mtu aliyeketi hapa ana dawa ya kuua vijidudu inayochuruzika mdomoni bila kulipia chochote.

Lakini mtiririko huo haulingani saa zote. Mtu anapotafuna, mate hububujika. Anapolala, tezi hupumzika na mate hupungua mno. Ndiyo sababu kinywa huamka kikiwa kikavu na chenye harufu. Ndiyo sababu pia kupiga mswaki kabla ya kulala kuna faida kubwa kuliko kule kwa asubuhi, ingawa wengi wetu tulilelewa na kule kwa asubuhi peke yake. Uchafu unaoachwa mdomoni saa nne usiku hukaa na bakteria saa saba au nane bila mlinzi.

Sasa kuna upande wa pili wa mate, na hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Juu ya kila jino, hasa pale jino linapokutana na ufizi, hujengeka utando laini, wenye rangi kama ya maziwa. Huo ni ukoga. Mtu akikwangua jino kwa ukucha mchana ataupata. Si mabaki ya chakula tu. Ni mji wa bakteria walioshikamana. Mswaki huuondoa kwa urahisi ukiwa bado mchanga. Ukiachwa, madini yale yale ya mate yanayolinda jino huanza kuganda ndani yake, na baada ya siku kadhaa ukoga laini unakuwa jiwe. Jiwe hilo huwa la manjano au kahawia, nalo hupatikana zaidi mahali pawili: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu. Sehemu hizo hazikuchaguliwa kwa bahati. Ndipo mate yanapomwagika kutoka kwenye tezi kubwa. Anayetaka kuhakikisha apitishe ulimi nyuma ya meno yake ya chini ya mbele sasa hivi. Akihisi ukuta mmoja mkwaruzo badala ya meno yaliyotengana, amelipata.

Mate ya watu hayafanani. Wengine wana mate yenye madini mengi na asidi kidogo. Mate ya namna hiyo huchelewesha meno kutoboka, lakini huharakisha ukoga kuwa jiwe. Kutokana na hili inatoka ile kauli inayosikika sana: "Meno yangu ni mazima, hayajawahi kuoza." Huenda ni kweli hayajaoza. Lakini jino halishikiliwi na uzima wake lenyewe. Linashikiliwa na nyuzi na mfupa wa taya, jinsi nguzo ya ua inavyoshikiliwa na udongo. Udongo ukimomonyoka, nguzo ya mti mgumu kabisa huanguka ikiwa haina hata tundu la mchwa. Daktari wa meno huona mara nyingi jino safi, jeupe, lisilo na doa, likiyumba mpaka linatolewa kwa vidole.

Safari kutoka damu hadi kuyumba huenda polepole. Kwanza ufizi huvimba na kuwa mwekundu kwa sababu mwili unapigana na bakteria walio ukingoni. Mishipa ya damu hujaa, ngozi hulegea, na mswaki ukipita tu, damu inatoka. Hatua hii inarudi nyuma kabisa ikishughulikiwa. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1965 katika chuo cha meno cha Aarhus, Denmark, na Harald Löe na wenzake. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Hawakupewa kidonge wala sindano.

Hatua ya pili ni nyingine kabisa. Uvimbe hushuka chini, ufizi huachana na jino, na mfuko huundwa mahali ambapo unywele wa mswaki haufiki. Ndani ya mfuko huo hakuna hewa, na bakteria wasiopenda hewa hustawi. Mwili, katika kupigana nao, huanza kuvunja mfupa wake wenyewe. Mfupa ukishaliwa haurudi kama ulivyokuwa. Yote haya hutokea bila maumivu, au kwa maumivu madogo yanayokuja na kupotea. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja duniani wana ugonjwa huu katika hali yake kali.

Lakini si kila fizi inayotoa damu huishia hapo. Kenya ilichangia sana kulifahamisha hilo duniani. Katika miaka ya 1980, watafiti Baelum, Fejerskov na Manji waliwachunguza watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 huko Machakos, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1988. Ukoga na jiwe vilikuwa karibu kwa kila mtu, na damu vivyo hivyo. Ila uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umekusanyika kwa watu wachache. Yaani uchafu peke yake hautoshi kueleza nani atapoteza meno. Mwili wa mtu, mate yake na namna anavyoishi vina sauti kubwa katika jambo hilo.

Hebu basi tuyaangalie maisha yenyewe ya mpakani.

Kutoka Mombasa hadi Malaba ni takriban kilomita 900, na kufika si mwisho wa safari. Wakazi wanakumbuka Januari 2022, wakati mvutano juu ya vipimo vya korona ulipofanya foleni ya malori irefuke kwa makumi ya kilomita. Hata katika wiki ya kawaida, dereva na utingo wake wanaweza kulala garini, maji wakiyapima kwa chupa, chakula wakikipata kwa wakati usiojulikana. Mtu asiyekunywa maji ya kutosha hupungukiwa mate. Mate yakipungua, yale yanayobaki huwa mazito na hayaoshi vizuri. Juu ya ukavu huo huja soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo dereva hunywa kidogo kidogo usiku kucha ili asisinzie. Kila mara anaponywa, asidi hupanda kinywani na mate huhitaji kama nusu saa hadi saa nzima kuituliza. Akinywa tena kabla ya muda huo kwisha, kazi inaanza upya. Kunywa chupa nzima wakati wa chakula kuna madhara madogo kuliko kuilamba kutoka Bungoma mpaka mpakani.

Miraa nayo ina nafasi yake katika mazungumzo haya, hata kama wapo watakaonuna. Hukausha kinywa, na hutafunwa kwa saa nyingi upande mmoja, mara nyingi pamoja na soda, bigijii au sigara. Tafiti kuhusu miraa yenyewe na fizi zimetofautiana, na si haki kuibebesha kila lawama. Lakini anayetafuna usiku mzima kisha akalala alfajiri bila kupiga mswaki ameyaacha meno yake katika hali mbaya kuliko zote: makavu, yenye sukari, na usingizi unaanza.

Kwa sigara hakuna kutofautiana. Tumbaku ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za ugonjwa wa fizi kuwa mkali, iwe ya kuvuta au ya kuweka chini ya mdomo. Hila yake ni kwamba nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi wa mvutaji unaweza kuwa mgonjwa sana na usitoe damu. Anapiga mswaki, povu linatoka jeupe, anafurahi, huku mfupa unaliwa chini. Akiacha sigara, fizi zinaweza hata kuanza kutoa damu kwa muda kwa sababu mishipa imefunguka. Wapo wanaosema, "Tangu niache fegi nimeugua fizi," wakazirudia. Ugonjwa ulikuwepo tangu zamani.

Pombe hukausha vilevile. Wazee wa Teso wanaozunguka chungu cha ajon na mirija yao mirefu hawatafurahia kusikia hivyo, na hakuna anayetaka kuvunja baraza la wazee kwa ajili ya fizi. Kinachoombwa ni kikombe cha maji baada ya ajon na mswaki kabla ya kulala. Chang'aa ni habari nyingine, na ubaya wake unaanzia mbali zaidi ya kinywa.

Na muwa? Huku tunalima miwa, na watoto wamefundishwa kwamba kutafuna muwa husafisha meno. Kuna punje ya ukweli: nyuzi zake husugua na kutafuna huleta mate mengi. Lakini mate hayo huja yameshiba sukari. Pera ni afadhali mara nyingi. Hutafunwa kwa nguvu, na lina vitamini C kuliko chungwa. Vitamini hiyo ndiyo inayojenga nyuzi zinazoshika ufizi, na mtu anayeikosa kwa muda mrefu hutoka damu kwenye fizi hata akipiga mswaki mara kumi kwa siku.

Kisukari kinastahili muda zaidi. Sukari ikipanda kwenye damu, mkojo huongezeka, maji ya mwili hupungua, na mate hukauka. Askari wa mwili hupigana vibaya, vidonda huchelewa kupona, na mfupa wa taya huliwa haraka. Halafu ugonjwa wa fizi wenyewe, kwa kuwa ni uvimbe wa kudumu, hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Magonjwa haya mawili yanasukumana kama watu wawili kwenye mlango mmoja. Kwa hiyo mtu ambaye fizi zake hazisikii matibabu, ambaye ana kiu isiyoisha na anaamka usiku kukojoa, apimwe sukari. Na aliye tayari na kisukari amwambie mhudumu wake habari za fizi, hata kama hajaulizwa. Mara nyingi hataulizwa.

Wajawazito pia hutoka damu zaidi, kwa sababu homoni huongeza ukali wa uvimbe. Ule msemo kwamba mtoto anachukua kalisiamu kwenye meno ya mama si kweli. Mama aendelee kupiga mswaki, na akienda kliniki ya wajawazito ataje fizi zake.

Dawa zina mambo yake. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama amlodipini na nifedipini, na fenitoini inayotumiwa na wenye kifafa, zinaweza kufanya ufizi ukue na kufunika jino. Dawa kadhaa za mafua na mzio, na baadhi za msongo wa mawazo, hukausha mate. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kupata ukavu wa kinywa au vidonda vikali vya fizi, hasa kinga ikiwa chini. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayepaswa kuacha dawa yake. Anapaswa kusema, ili ibadilishwe ikiwezekana au kinywa kiangaliwe kwa karibu zaidi.

Sasa turudi kwa dereva wetu kando ya gurudumu. Alipoona damu, alipaacha mahali pale. Alitakiwa kufanya kinyume chake. Panapotoa damu ndipo ukoga ulipo, na ndipo panapohitaji mswaki zaidi. Mswaki uwe laini. Uinamishwe kuelekea ukingo wa ufizi, utikiswe kwa mwendo mfupi, dakika mbili asubuhi na dakika mbili usiku, bila kusahau upande wa ulimi, ambao karibu kila mtu huusahau. Asiye na mswaki wa dukani atumie wa mti, autafune mpaka uwe na nyuzi laini na aufikishe nyuma pia. Ukitumiwa vizuri unasafisha. Mkaa na majivu yaachwe, maana hukwaruza jino. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza ufizi, ila hayaondoi jiwe. Hakuna dawa ya kusukutua inayoondoa jiwe, hata ile inayouzwa ndani ya basi kwa maneno matamu.

Damu itaendelea siku chache, kisha ipungue. Ikiwa baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri bado inatoka, jiwe lipo chini na linahitaji kukwanguliwa na mtaalamu. Hapa kuna hofu moja ya kuondolewa. Watu husema, "Nilisafishwa meno, yakalegea." Meno yalikuwa yamelegea tayari, jiwe lilikuwa limeyashikanisha kama saruji mbovu. Likiondoka, ukweli unaonekana. Uvimbe nao ukishuka, mapengo madogo hutokea kati ya meno. Hayo ni mapengo ya ufizi unaopona.

Wapo wasiopaswa kusubiri wiki mbili: anayetoka usaha, ambaye jino limeanza kuyumba au kusogea, mwenye fizi zenye vidonda vya ghafla na harufu kali, na mtoto mdogo aliyedhoofika mwenye kidonda cha ufizi kinachoenea. Uvimbe wa taya wenye homa, au unaozuia kumeza na kupumua, ni wa dharura, iwe usiku au mchana.

Anayeanza na kituo cha afya kilicho karibu hajakosea. Pasipokuwa na mtaalamu wa meno, ataandikiwa rufaa. Aende na dawa zote anazotumia zikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na zile zilizonunuliwa upande wa Uganda, kwa maana dawa moja huwa na jina hili la kibiashara Malaba na jina jingine Tororo. Na aseme ukweli kuhusu sigara na miraa. Mhudumu anauliza ili ajue fizi zisizotoa damu ni nzima au zimefunikwa.